Marehemu Mmoja, Faili Moja



Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu hulikwepa. Bibi akilitaja, mume hujiuliza kama anaombewa kufa. Mume akilitaja, bibi humwuliza, "Baba watoto, kwani unaumwa?" Basi mazungumzo yanaahirishwa mwaka hata mwaka, mpaka siku mmoja wenu anapojikuta amesimama peke yake mbele ya dirisha la karani wa mahakama, na hajui la kujibu.

Jambo lenyewe ni kesi ya mirathi. Hatutaeleza yote yanayohusu mirathi, maana ukurasa hautoshi. Tutatazama shida moja tu inayowapata wajane wengi wa mjini: mume amefariki mmoja, lakini mali yake imefunguliwa mafaili mawili katika mahakama mbili. Mahakama hufanya nini hapo? Na ninyi mlio hai mnaweza kufanya nini ili shida hiyo isizaliwe?

NYUMBA PIPELINE, MALI KWINGINE

Tuchukue mfano wa familia inayoishi Pipeline, kule Embakasi. Unajua magorofa ya Pipeline yalivyobanana, hata vyumba vya chini huwasha taa saa sita mchana. Familia nyingi humo ni wapangaji. Mtu huishi huko miaka kumi na mitano, watoto wakazaliwa na kusoma huko, lakini mali yake haiko huko. Ukimwuliza, atakwambia ana ploti Joska, ana hisa kwenye SACCO ya kazini, ana akiba NSSF, ana pikipiki aliyompa kijana aendeshe, na "kule nyumbani kuna shamba".

Mume wa mfano wetu ni mtu wa namna hiyo. Nyumbani kwao ni Siaya. Amefariki ghafula bila kuandika wosia, ameacha mke na watoto watatu wadogo. Baada ya mazishi mke anarudi Pipeline, maana kodi ya nyumba haingoji matanga. Anakwenda kwa chifu wa Pipeline, anapata barua inayowataja warithi, na anafungua kesi ya mirathi katika mahakama ya hakimu, Nairobi. Katika orodha ya mali anaandika kila kitu anachokijua: ploti ya Joska, SACCO, pikipiki, na lile shamba la Siaya.

Kule Siaya nako kaka mkubwa wa marehemu ana wasiwasi. Amesikia kwamba shemeji yake "ameshika karatasi za shamba". Mama yao mzee bado anaishi katika boma hilo. Naye anakwenda kwa chifu wa kwao, anapata barua, na anafungua kesi ya mirathi ya ndugu yake kulekule Siaya. Anaandika shamba, na kwa kuwa amesikia habari za ploti, anaiandika pia. Katika nafasi ya warithi anajitaja yeye na mama yake. Mjane na watoto hawamo.

Tazama sasa. Hatuna mwizi katika hadithi hii. Tuna mama anayeogopa watoto wake kufukuzwa, na kaka anayeogopa mama yake kufukuzwa. Kila mmoja amekimbilia mahakama iliyo karibu naye. Lakini marehemu ni mmoja, na mafaili ni mawili.

SHERIA INATAKA NINI

Sheria ya Urithi ya Kenya, yaani Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu cha 49 kinasema kwamba hakimu mwenye mamlaka ni yule wa eneo ambalo marehemu aliishi mara ya mwisho, ijulikanavyo. Soma tena: alipoishi, si alipozikwa, wala si ilipo mali. Na hakimu huyo, akiwa na mamlaka, anayo juu ya mali yote ya marehemu popote ilipo. Kwa hiyo huna haja ya kufungua faili Nairobi kwa ajili ya SACCO, jingine Machakos kwa ajili ya ploti ya Joska, na jingine Siaya. Faili moja linatosha.

Kuna na kipimo cha pili, ambacho ni thamani. Kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015, hakimu wa ngazi ya chini husikiliza mirathi isiyozidi shilingi milioni 5, na ngazi hupanda hadi hakimu mkuu ambaye kikomo chake ni shilingi milioni 20. Ikizidi hapo, kesi ni ya Mahakama Kuu. Thamani hii huhesabiwa mali nzima kabla ya kuondoa madeni. Usishushe bei ya ploti ili upate mahakama ya karibu. Tutaona madhara yake hivi punde.

Kisha ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku zisizopungua 30. Hapo ndipo wengi wanapogundua kwamba ndugu yao amewatangulia.

Sasa shika neno hili, maana ndilo linalookoa fedha na miaka. Ukigundua kwamba mtu mwingine amekwisha kuomba usimamizi wa mirathi ya mumeo au mkeo, usikimbie kufungua kesi yako mahali pengine. Ingia katika faili lake. Sheria inakuruhusu kuweka pingamizi humo humo, na pia kuweka ombi lako mwenyewe la kupinga lake, ili hakimu aamue kati yenu nani anafaa. Kifungu cha 66 kinamtanguliza mume au mke aliyebaki katika orodha ya wanaopewa usimamizi. Kwa hiyo huna sababu ya kuogopa faili la mwenzako. Ogopa kuwa nje yake.

Lakini katika mfano wetu wote wawili wamekwisha kufungua. Mahakama ina njia tatu: kuhamisha, kuunganisha, na kutenganisha.

KUHAMISHA

Kuhamisha ni kutoa faili mahakama moja na kulipeleka nyingine. Kifungu kilekile cha 49 kinamruhusu hakimu kuhamisha usimamizi wa mirathi kwa hakimu mwingine, kwa idhini au agizo la Mahakama Kuu, ikionekana kwamba sehemu kubwa ya mali iko katika eneo la huyo mwingine, au kwamba kuna sababu nyingine nzuri. Hakimu wa Nairobi hawezi kumwamuru mwenzake wa Siaya, wala wa Siaya hawezi kumwamuru wa Nairobi. Ndiyo maana Mahakama Kuu, iliyo juu yao wote wawili, ndiyo inayosema neno.

Na kama kesi iko Mahakama Kuu? Mahakama Kuu ni moja, ingawa ina vituo katika kaunti nyingi. Jaji anaweza kuagiza faili liende kituo kingine, kwa mfano pale warithi wengi na mashahidi ni wazee wasioweza kusafiri.

Anayeomba kuhamisha lazima alete sababu, si malalamiko. "Shemeji ananichukia" si sababu. Sababu ni kama hizi: marehemu aliishi Pipeline miaka kumi na minne, hizi hapa risiti za kodi, watoto wanasoma hapa, hizi hapa barua za shule, mwajiri wake alikuwa hapa. Karatasi hizo ndogo ambazo mnazitupa kila mwisho wa mwaka ndizo zinazoonyesha mtu aliishi wapi.

Kuna onyo moja. Kosa la eneo linaweza kuponywa kwa kuhamisha. Kosa la mamlaka ya thamani ni gumu zaidi. Iko kanuni ya zamani katika Afrika Mashariki, ambayo mahakama za Kenya huirudia hadi leo kutoka uamuzi wa Mahakama Kuu ya Uganda wa mwaka 1968 katika kesi ya Kagenyi na Musiramo: kesi iliyofunguliwa katika mahakama isiyo na mamlaka tangu mwanzo haihamishiki, kwa kuwa hakuna kitu halali cha kuhamisha. Kwa hiyo yule aliyeshusha thamani ya mali ili aende mahakama ya karibu, anaweza kuambiwa baada ya miaka mitatu kwamba aanze upya.

KUUNGANISHA

Kuunganisha ni kufanya mafaili mawili yawe moja. Mahakama hufanya hivyo pale marehemu ni yuleyule, mali ni ileile au inagusana, na maswali ya kuamuliwa ni yaleyale. Lengo ni kwamba pasitoke hukumu mbili zinazopingana. Fikiria hakimu mmoja ampe mjane ploti ya Joska, na mwingine aigawe ploti hiyohiyo kwa kaka. Msajili wa ardhi amsikilize nani?

Kwa kawaida mahakimu hao wawili hawawezi kuunganisha mpaka faili moja lihamishwe kwanza, ili yote mawili yawe mbele ya mahakama moja. Kisha faili moja huteuliwa kuwa faili kuu, na karatasi zote huwekwa humo. Mara nyingi ni lile lililotangulia, lakini si lazima. Mahakama hutazama pia lipi lilifunguliwa mahali panapostahili, na lipi liliwataja warithi wote.

Na kama hati ya usimamizi imekwisha kutolewa katika moja ya mafaili hayo? Hapo kuunganisha peke yake hakutoshi. Kifungu cha 76 kinaruhusu mahakama kuifuta hati iliyopatikana kwa udanganyifu, au kwa kuficha jambo ambalo mahakama ilipaswa kulijua. Kumwacha mjane na watoto nje ya orodha ni kuficha. Lakini ndugu msomaji, kisu hiki kinakata pande zote mbili. Kifungu cha 51 kinamtaka anayeomba ataje wenzi wote walioachwa na marehemu, watoto wote, wazazi, na ndugu zake. Bibi anayejua kwamba mumewe alikuwa na mtoto mwingine aliyemkubali na kumlea, akamwacha nje ya orodha kwa uchungu, anajijengea nyumba juu ya mchanga. Kwa sheria ya Kenya mtoto aliyekubaliwa na baba yake ni mtoto wake, hata kama alizaliwa nje ya ndoa. Uchungu wa bibi ni wa haki, lakini orodha ya mahakama si mahali pa kuutolea.

Mkiisha kuunganishwa, si lazima mmoja ashinde na mwingine ashindwe. Sheria inaruhusu wasimamizi hadi wanne wa mirathi moja. Tena, pale kuna watoto wadogo ambao mali yao itashikwa kwa niaba yao mpaka wakue, kifungu cha 58 hakimruhusu mtu mmoja peke yake kuwa msimamizi wa marehemu asiyeacha wosia, isipokuwa ni Mdhamini wa Umma au shirika la udhamini. Kwa hiyo mjane wa mfano wetu atahitaji msimamizi mwenzake kwa vyovyote vile. Heri amtafute anayeaminika mapema, kuliko kupewa mtu asiyesema naye.

KUTENGANISHA

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tusome polepole. Si kila kinachoitwa "mali ya baba watoto" kinaingia katika faili lake. Yako mambo manne ambayo mahakama huyatenga.

La kwanza ni mali ya marehemu mwingine. Turudi Siaya. Lile shamba lililoleta vita lina hati kwa jina la nani? Si la mume wa Pipeline. Ni la baba yake, aliyefariki miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyefungua mirathi yake. Mjane ameliandika kama mali ya mumewe. Kaka naye ameliandika kama mali ya ndugu yake. Wote wawili wamekosea. Mali ya babu hugawanywa katika faili la babu. Marehemu wawili ni mirathi miwili, ina wasimamizi wake na hesabu zake, hata kama warithi ni walewale. Mahakama yaweza kuyasikiliza mafaili hayo kwa pamoja ili kupunguza gharama, lakini haiwezi kumgawia mjane shamba la mtu ambaye mirathi yake haijafunguliwa.

La pili ni dai la mtu wa nje. Tuseme jirani wa Joska anasema marehemu alimwuzia nusu ya ploti kabla ya kufa. Huyo si mrithi. Ni mtu anayebishania umiliki wa ardhi. Mahali pake ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoanzishwa chini ya Katiba ya 2010. Mahakama ya mirathi hugawa kilicho cha marehemu. Ugomvi wa kama ni chake au si chake, na mtu wa nje, huenda kwingine.

La tatu ni fungu lenye ubishi. Je, mirathi yote isimame kungoja kesi ya jirani? Hapana. Kanuni ya 41 ya Kanuni za Mirathi inaruhusu mahakama kuliweka kando fungu lile linalobishaniwa, na kuendelea kuthibitisha mgawo wa mali iliyobaki. Mjane anaweza kuomba hivyo. Wengi hawajui, wakangoja miaka ilhali karo ya watoto ingeweza kulipwa kwa fedha zisizo na ubishi.

La nne ni mali isiyopitia mirathi. Ardhi iliyoandikwa kwa majina ya bwana na bibi kama wamiliki wa pamoja wasiogawanyika, mmoja akifa, hubaki kwa mwenzake. Msajili huondoa jina la marehemu akiletewa cheti cha kifo. Vilevile fedha za SACCO ambazo mwanachama alimteua mtu wa kuzipokea, kwa kawaida humwendea mteuliwa bila kungoja mirathi. Lakini angalia jina lililo katika fomu hiyo. Wako wanaume walioajiriwa wakiwa makapera, wakamwandika mama au kaka, wakaoa, wakazaa, na fomu haikuguswa tena.

MFANO WETU UNAISHAJE

Basi familia yetu itafanya nini? Tuseme Mahakama Kuu imesikia ombi la mjane, ikaona marehemu aliishi Pipeline. Faili la Siaya linahamishwa na kuunganishwa na lile la Nairobi. Mama mzee anaingia katika orodha kwa sababu sheria inataka atajwe, na mjane na watoto wanabaki humo. Mjane anashika usimamizi pamoja na mwenzake. Ploti, pikipiki, na akiba isiyo na mteuliwa hubaki katika faili hilo. Kwa kifungu cha 35, mke mmoja aliyeachwa na watoto hupata vyombo na vitu vya nyumbani viwe vyake kabisa, na hupata haki ya kuitumia mali iliyobaki wakati wa uhai wake, kwa faida yake na ya watoto.

Na shamba? Linaondolewa katika faili la mume. Linafunguliwa faili jipya, la babu, kulekule Siaya alikoishi. Mama mzee, mjane wa babu, ndiye wa kwanza katika orodha ya wasimamizi, na haki yake ya kukaa katika boma hilo maisha yake yote inalindwa na kifungu kilekile cha 35. Kaka anaweza kuwa msimamizi pamoja naye. Fungu la mume aliyefariki halipotei: litawajia mjane na watoto wake kupitia faili hilo.

Unaona? Kaka alikuwa na hofu ya kweli, ila aliipeleka katika faili lisilo lake. Na mjane alikuwa na haki ya kweli, ila alishika na kisichokuwa cha mumewe. Kama wangekaa kitako siku moja wakautazama mwaka na jina lililo juu ya hati ya shamba, huenda wasingeonana mahakamani kamwe. Wahenga walisema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Ugomvi wa ndugu hupoa, lakini mara nyingi hupoa baada ya ploti kuuzwa kulipa gharama za kesi.

Msidhani haya ni ya maskini peke yao. Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mzee Kenyatta, alifariki mwaka 1981, mwaka uleule Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika. Mzozo wa mirathi yake, na wa nani walikuwa wake zake kisheria, ulidumu mahakamani zaidi ya miaka 30. Watoto walikua na kuzeeka kesi ikiendelea.

Neno kwa aliyekwisha kufiwa: kabla ya hati ya usimamizi, usiuze kitu cha marehemu na usitoe fedha zake, hata zile za kwenye simu yake ambazo unajua namba ya siri. Kifungu cha 45 kinaliita hilo kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kukiwa na mali inayoharibika au kuibwa, hakimu yeyote wa eneo iliko mali anaweza kutoa hati ya muda ya kuikusanya na kulipa madeni. Ukishapata hati ya usimamizi, kwa kawaida hungoja miezi 6 kabla mgawo kuthibitishwa. Wala usilale ukapitisha mwaka mzima bila kuomba uthibitisho, kwa maana hilo nalo laweza kuifanya hati ifutwe.

Usipokuwa na fedha za wakili, FIDA Kenya na Kituo cha Sheria wamesaidia wajane na maskini wa Nairobi kwa miaka mingi. Na mkiwa tayari kusemezana, mwombeni hakimu au jaji awapeleke kwa mpatanishi. Upatanishi wa namna hiyo chini ya mahakama ulianza kwa majaribio huko Milimani mwaka 2016, na Kitengo cha Familia kilikuwa miongoni mwa vilivyotangulia.

KAZI YA NYUMBANI

Bwana na bibi, Jumapili hii baada ya chakula, watoto wakienda kucheza, fanyeni haya pamoja.

1. Chukueni karatasi moja. Andikeni kila mali, iko wapi, na imeandikwa jina la nani. Kama ni jina la baba au babu, andikeni hivyo. Msijidanganye kwamba ni lenu.

2. Kama babu amefariki na mirathi yake haijafunguliwa, mume akaongee na mama yake na ndugu zake likizo ijayo, akiwa hai na ana nguvu za kusema. Hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko ploti atakayomwachia mkewe.

3. Tazameni fomu za wateule za SACCO na kazini. Badilisheni zilizopitwa na wakati.

4. Wekeni mahali pamoja cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti kadhaa za kodi, na nakala za hati. Wote wawili mjue mahali hapo.

5. Andikeni wosia, na kila mmoja amwambie mwenzake ulipo. Wosia una masharti ya mashahidi. Ulizeni kabla ya kutia sahihi.

6. Kama kuna mtoto ambaye mwenzako hajui habari zake, sema sasa. Itauma. Lakini itauma kidogo kuliko akitokea siku ya matanga, au akisomwa kwa mara ya kwanza katika Gazeti la Serikali.

MASWALI YA KUZUNGUMZA WAWILI

Mimi nikifa leo, je, unajua ni mahakama ipi uende, na kwa nini hiyo?

Ni mali gani tunayoiita yetu, lakini karatasi inasema ni ya mwingine?

Ni nani upande wa ndugu zangu anayekuogopa, na ni nani upande wako anayeniogopa? Tunaweza kumwondolea hofu hiyo namna gani tukiwa bado sote wawili?

Mahakama yaweza kuhamisha faili, kuyaunganisha mawili, na kulitenga moja na jingine. Haiwezi kumrudisha marehemu aje aseme alichokusudia. Neno hilo liko kinywani mwako wewe mume, na kinywani mwako wewe mke, leo. Semezaneni.